Somo kwa Mama Mkwe

Kwa miaka tisa ya ndoa yake, Mwalimu Malachie hakuwahi kumwambia mama mkwe wake neno lililozidi salamu. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Hiyo ndiyo heshima ya Waluba wa Kamina: mkwe hali chakula mbele ya mama wa mke wake, hamkazii macho, wakikutana njiani anampisha, na akiwa na jambo zito la kumwambia, humtuma mke. Mama Mira naye aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Jumapili baada ya ibada ya Wamethodisti alikuwa akija na sare yake ya akina mama wa kanisa, anapita kando ya ukuta moja kwa moja hadi uani, na salamu yake kwa mkwe aliitoa akiwa amempa mgongo.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa pili, mtu huyo huyo alimhutubia mama mkwe wake karibu nusu saa, mbele ya wageni. Nitasema ukweli mapema ili tusipotezeane wakati: kosa lilikuwa lake. Wako watakaosema kosa lilikuwa la kitabu, lakini mimi sijawahi kuona kitabu kikifungua mdomo.

Kitabu chenyewe alikipata Lubumbashi, mwaka alipoitwa kwenda kusahihisha mitihani ya Serikali. Kilikuwa kwenye rundo la vitabu vikuukuu kando ya barabara, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, kimeandikwa kwa Kifaransa, na kilieleza mafundisho ya Buddha. Malachie anafundisha falsafa darasa la sita la sekondari. Kwa miaka mingi alikuwa amewakaririsha vijana majina ya wanafalsafa wa Ulaya, nao wakayasahau siku ya pili ya mtihani. Kitabu hiki kilimshika shati. Kilisema maisha yamejaa mateso, na mateso hayo huzaliwa na kiu yetu ya kutaka na kushikamana na vitu. Kilisema kila kitu kinapita. Kilisema pia kwamba ukimchambua mtu, mwili, hisia, mawazo, kumbukumbu, hutamkuta ndani yake mwenyewe wa kudumu aliyekaa kama chifu kitini. Kuna mfuatano tu wa mambo, hili likizaa lile, na matendo ya mtu huendelea kuzaa hata baada ya kifo chake.

Ni maneno mazito, na anayetaka kuyabeba ayabebe polepole. Malachie aliyabeba mbio. Siku mbuzi wa jirani alipotafuna kikwembe kipya cha mkewe kwenye kamba ya nguo, Ève akalia, yeye akamwambia kwa sauti tulivu kwamba kilichomuumiza si mbuzi bali ni kushikamana kwake.

"Ah bon," akasema Ève. "Na siku kuku ya jirani ilikula mbegu zako, nani alipiga kelele mpaka ku avenue ya tatu?"

Malachie alitabasamu tabasamu la mtu aliyevuka ng'ambo.

Uwanja wake mkubwa ulikuwa mbele ya duka la Bilali, karibu na soko. Bilali anauza vipuri vya baiskeli na vya pikipiki. Ni Mwislamu, mababu zake walitoka Maniema na biashara, na hana haraka ya kushinda ubishi wala ya kushindwa. Wa tatu wao alikuwa Amédée, fundi wa maabara kwenye zahanati, mtu wa kuamini kile tu anachokiona chini ya darubini yake. Jumapili alasiri walikaa hapo watatu na kumpasua binadamu vipande vipande.

"Muntu akikufa, c'est fini," Amédée alikuwa akisema. "Kila siku niko naangalia damu ya bantu. Kuko fer, ile chuma, kuko sukari, kuko maji. Nafsi? Hata siku moya sijaiona."

"Weye unatafuta mwenye nyumba mu matofali," Bilali alimjibu. "Haungemuona. Muntu iko wa Mungu, na kwa Mungu njo atarudia. Siku ile atasimama, ataulizwa, atajibu yeye mwenyewe, haiko ndugu yake."

Hapo Malachie alisubiri wanyamaze, kama anavyofanya darasani, kisha akatoa mfano wake wa muhogo, ambao aliubuni mwenyewe na kuupenda kuliko watoto wa wenzake.

"Muangalie muhogo. Unakata kijiti ku muhogo ya zamani, unakipanda. Ule mupya, iko ule wa zamani? Hapana. Iko mwingine kabisa? Hapana tena. Hakuna muntu alihama mule ndani, mais bila ule wa zamani, huyu haangeota. Njo vile maisha inafuatana. Donc Amédée, ukisema imekwisha, umekosa. Bilali, ukisema kuko mwenyewe anadumu, umekosa vile vile."

Alipenda sana hiyo "umekosa vile vile". Ilimweka katikati, juu kidogo ya wote wawili.

Sasa nyumbani kwake kulikuwa na mtoto. Kanisani alibatizwa Chloé, lakini jina lake la ukoo ni Kitwa, na jina hilo halikuokotwa njiani. Kabla hajazaliwa, Mama Mira aliota marehemu mama yake, Kitwa mkubwa, amesimama mlangoni akisema, "Nimefika." Kwa Waluba ndoto ya namna hiyo haitaki mkalimani. Mfu amechagua tumbo la kurudia, na mtoto hubeba jina lake. Wachungaji hukunja uso kidogo, halafu nao nyumbani kwao hufanya vile vile. Kwa hiyo Mama Mira, mwanamke wa miaka sitini na minne, alimwita mjukuu wake wa miaka minne "mama". Hakumkaripia hata siku moja. Akimpa kitu, alipiga goti na kumpa kwa mikono miwili, na mtoto alipokea bila ajabu yoyote, kama watu wazima wanavyopokea heshima yao.

Malachie aliyaona hayo miaka minne na hayakumkera. Alijua Kitwa mkubwa alifia Malemba-Nkulu, zamani za vita vya wanamgambo, na zaidi ya hapo hakuuliza. Angemuuliza nani? Mama mkwe haulizwi, na Ève hakupenda kuzungumzia Malemba.

Jumapili ile Bilali na Amédée walikuja kwake, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia ya sokoni. Mama Mira naye alikuwa amefika na mahindi ya kwanza ya shamba lake. Aliyachoma mwenyewe uani, akachagua hindi lililoiva vizuri, akapuliza majivu, akapiga goti mkekani mbele ya mtoto na kupiga makofi mawili ya polepole.

"Mama, muonje mbele," akasema. "Sisi wengine tutakula nyuma yenu."

Mtoto akang'ata. Amédée, aliyekuwa ameketi chini ya kibanda cha nyasi pamoja na wenzake, akacheka.

"Prof! Falsafa ya kwako si njo hakuna mwenyewe ndani? Na ule anapigiwa magoti kwako, iko nani?"

Bilali naye akacheka, kicheko kidogo cha ujirani. Hapo Malachie angeweza kucheka pia na mambo yakaishia hapo. Lakini masikio yalimwaka moto. Aliona amekamatwa kama mwanafunzi aliyenakili. Mwezi mzima amewakosoa watu imani zao, kumbe kwake mwenyewe kuna bibi na mtoto wanamkanusha bila hata kufungua kitabu. Akainuka. Akatoka kwenye kibanda, akavuka ua, akasimama hatua mbili kutoka kwenye mkeka. Ève, aliyekuwa mlango wa jikoni, alimfanyia ishara ya macho ambayo hata kipofu angeisikia.

"Mama," akaanza Malachie, "minyi napenda niwaeleze kidogo."

Akaeleza. Akasema hakuna mtu anayetoka kaburini akaingia tumboni, kama msafiri anayeshuka treni na kupanda nyingine. Akasema huo ni woga wetu tu wa kupoteza, tunamshikilia mfu kwa sababu hatutaki kumwachilia, na kushikilia huko ndiko kunakotutesa. Akaleta muhogo. Akaleta na Amédée kwa mfano, na Bilali, akawaonyesha kwa kidole walipokosea. Mama Mira alitazama chini. Mama mkwe habishani na mkwe wake. Lakini Malachie, kwa mazoea ya darasani, aliuchukua ukimya ule kuwa ni usikivu. Na kwa kuwa mwalimu mzuri hamalizi somo bila zoezi, akamwita mtoto.

"Chloé, kuya hapa. Weye uko nani?"

"Minyi Chloé."

"Ulikaaka Malemba-Nkulu?"

"Hapana, baba."

"Unakumbuka siku ulikufa?"

Mtoto akamtazama bibi yake, kisha baba yake. Alijua sauti ile. Ndiyo sauti ya kumfundisha kuhesabu, na alitaka kujibu vizuri.

"Minyi sikukufa. Ule alikufa haiko minyi."

"Très bien," akasema Malachie.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia, na nadhani walikuwa wanamsubiri huyu. Mama Mira alivuta kikwembe chake akajifunika kichwa na uso. Akaliweka mkekani hindi alilokuwa nalo mkononi, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine, akainuka kwa shida ya magoti, akatoka kwa njia ya nyuma ya choo. Mvua ilikuwa imeanza tena.

Chini ya kibanda hakuna aliyecheka. Bilali alivaa kofia yake.

"Malachie," akasema, "haya yako uliiacha wapi?"

Amédée alikuwa akitazama viatu vyake. "Minyi nilikuwa nachekesha tu," akasema kwa sauti ndogo. "Hata ku labo kwetu, muntu akikutwa na ugonjwa mubaya, hatumusomee résultat mbele ya bantu. Tunamuita pembeni." Wakaondoka wote wawili kwenye mvua ile ile, na mahindi yao hawakuyamaliza.

Malachie bado alikuwa na maneno ya kujitetea. Alikuwa nayo mengi, yamepangwa. Alimgeukia mkewe ili aanze, akamkuta amekaa chini kwenye kizingiti cha jikoni, mikono mapajani.

"Weye unayua namna nkambo yangu, mama ya mama, alikufa?" Ève akauliza.

"Mu vita."

"Haiko mu vita. Mu nyumba." Akamsimulia bila kupandisha sauti, akitazama mvua. Wanamgambo walipokaribia, watu wote wa mtaa wao walikimbia. Ève alikuwa na miaka tisa, mdogo wake alikuwa mgongoni mwa mama. Kitwa mkubwa miguu ilikuwa imevimba, hakuweza hata kufika mtoni. Mira alimwekea maji kwenye ndoo, na muhogo, na kumwambia, "Mama, kesho nitarudia kukubeba." Mama yake hakumjibu. Aligeuka akatazama ukuta. Mira akasimama mlangoni akimuaga mara ya pili, na ya tatu, na yule mzee hakugeuka. Wakaenda. Njia ilifungwa. Mira alirudi baada ya wiki saba, akaonyeshwa na majirani mahali walipomzika.

"Toka siku ile mama hakulalaka muzuri," Ève akaendelea. "Miaka kumi na munane, mpaka Chloé. Banamuombea ku kanisa, pasteur anamuambia Mungu amesamehe. Anasema ndiyo, Mungu amesamehe. Mama yangu je? Chloé alizaliwa, akamukamata mu mikono, mutoto iko analia. Mama akamuuliza na kiluba: mama, umenisamehe? Mutoto akanyamaza. Akafunga kidole ya mama na mukono. Njo siku ile mama alianza kulala." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Weye umesema hakuna muntu alirudia. Donc hakuna muntu alimusamehe."

Malachie aliona haya, na sina neno kubwa zaidi la kuipamba. Haya iliyomshika haikuwa ile ya kusemwa vibaya na watu, inayopoa baada ya siku tatu. Hii ilikaa. Alipokula aliikuta, alipoandika ubaoni aliikuta, na neno lake la sifa, "très bien", likawa halimtoki mdomoni hata mwanafunzi alipolistahili. Alifungua kitabu kutafuta pa kujificha. Akakuta kwamba ukurasa ule aliusoma zamani, tena aliupigia mstari kwa kalamu nyekundu: kwamba neno la kweli peke yake halitoshi, mtu sharti atazame kama lina faida kwa anayeambiwa na kama wakati wake umefika. Chini yake mstari mwingine mwekundu: kwamba mtu anaweza kuachilia nyumba na ng'ombe na bado akabaki amekunja ngumi juu ya maoni yake. Pembeni aliandika kwa mkono wake, "Hii ni kwa Bilali."

Jumapili tatu zilipita, Mama Mira hakuja. Kanisani aliketi safu za nyuma, naye Malachie alitoka kwa mlango wa pembeni. Ndipo Ève akamwambia lililo wazi. Kwa ukoo wao, mkwe aliyevuka mpaka hupeleka kuku. Hatumi mtu, anambeba mwenyewe, kwa mkono, mchana kweupe, na akifika anasimama nje akiwa ametoa mgongo mpaka mama mkwe aseme.

Akambeba. Jumamosi saa nne asubuhi, koti la darasani mwilini, kuku mweupe kwapani, Ève na mtoto nyuma yake, akapita kati ya mji. Kamina nzima inajua maana ya mwanamume aliyevaa vizuri akiwa na kuku mmoja akielekea mtaa wa wakwe. Wanawake sokoni waliacha kupima unga. Wanafunzi wake wawili juu ya pikipiki walipunguza mwendo, wakasema "Bonjour, prof," wakamtazama kuku, wakaongeza mwendo. Hakukata njia za vichochoro. Alikuwa ameazimia kupita palepale watu walipo, na huo ndio uungwana wake wa kwanza katika habari hii.

Mlangoni kwa Mama Mira aligeuka, akatoa mgongo. Alikuwa amejiandaa kusimama hapo hadi jua la utosi. Lakini hakusimama hata dakika mbili.

"Kuku iko muzuri," sauti ya Mama Mira ikasema nyuma yake. "Imetosha. Muingie, muko mu jua."

Aliwapa viti. Alimfunga kuku mguu kwenye nguzo, akamwekea maji. Hakuwa na uso wa hasira. Ungemwona ungedhani ni mwanamke aliyetoka kuugua tu. Kisha akachukua karanga za kuchemsha kutoka kwenye sahani, akamnyooshea mjukuu wake akiwa amesimama, kwa mkono mmoja.

"Kamata, Chloé."

Mtoto hakuzipokea. Aliutazama ule mkono.

"Nkambo, mbona leo haunaniita mama?"

Ève akageuza uso. Mama Mira akabaki na karanga zake mkononi, halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka tisa yote: akamtazama mkwe wake machoni. Hakuwa anamdhihaki. Aliuliza kama anayeuliza mtu wa shule.

"Mwalimu, nimujibu namna gani?"

Njiani Malachie alikuwa ametunga hotuba. Ilikuwa na toba, ilikuwa na mpangilio. Yote ikayeyuka.

"Mama, minyi siyue," akasema. "Nilisema mambo siyue. Mwenye kuandika kile kitabu, siyue kama alinena ile nilisema. Mumuite vile mulikuwa munamuita. Huyu iko mama yenu."

"Unasema vile juu unaamini, ao juu unanihurumia?"

Kuku alikwaruza chini kwa mguu wake mmoja. Malachie alifungua mdomo. Akisema anaamini, atakuwa amedanganya, na yule mama atajua, maana amekaa na uongo wa faraja za watu miaka ishirini na miwili na anaujua harufu. Akisema anamhurumia, basi, Kitwa mkubwa hakurudi. Aliufunga mdomo.

Mama Mira akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Akazitia karanga mkononi mwa mtoto, akamfunga vidole juu yake.

"Weye nimekusamehe, mukwe wangu. Kwa kweli, mbele ya Mungu, nimekusamehe, usilale na wasiwasi. Ulinikosea, ulijua nyumba yangu, ulileta kuku." Akakaa chini mkekani na kunyoosha miguu yake iliyochoka. "Mais minyi, kuku ya kwangu nitaipeleka kwa nani?"

Malachie aliinamisha kichwa, akalia mbele ya mama mkwe wake. Mtoto alianza kumenya karanga, moja kwa ajili yake, moja kwa ajili ya bibi, na bibi akazipokea.